Spoki za Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Kilwa Masoko kumtembelea binamu yangu, mtoto wa shangazi. Nilimkuta barazani na binti yake mdogo, wanafuma. Mtoto alinipa shikamoo bila kuinua macho, maana vitanzi vilikuwa vinataka kumponyoka. Nikaitikia marahaba, nikainama nione anafuma nini, na hapo roho ikaniuma. Alikuwa ameshika spoki za bibi.

Usinicheke, mwenzangu. Binamu yangu nimemwonea wivu tangu tuna meno ya utoto, na wivu huo haujazeeka hata kidogo.

Tulilelewa pamoja Kiswere, kwa bibi yetu. Wakati ule mama yangu alikuwa mjamzito, na bibi akasema kwamba atakayefuma kofia nzuri kati yetu wawili, kofia yake ndiyo mtoto atakayovaa akitolewa nje siku ya arobaini. Najua utauliza, na joto lote lile la pwani, sufu ya nini? Lakini kwetu kichanga hatolewi bila kofia ya sufu, hata kama watu wazima wanajipepea kwa ncha za kanga. Nilikuwa mtoto pekee wa mama, na sasa nilikuwa ninaletewa mwenzangu wa kugawana naye. Kofia hiyo niliitaka kwa udi na uvumba.

Vifaa vyangu alivitengeneza bibi mwenyewe. Alichomoa spoki mbili kwenye baiskeli mbovu ya marehemu babu, akazisugua ncha kwenye jiwe la kunolea visu huku muhogo wa nazi ukichemka jikoni. Kila mara alizigusisha shavuni kupima kama bado zinachoma. Mwisho wa kila spoki alizungushia kipande cha tyubu ili vitanzi visichomoke. Uzi aliupata kwa kufumua sweta la mtumba la rangi ya maziwa, akaufua, akautundika juani na jiwe chini yake mpaka mikunjo ikanyooka.

“Anayeanza achukue uzi mweupe,” alisema, “aone anapokosea.”

Binamu hakuhitaji kutengenezewa. Baba yake alikuwa ameuza korosho kule Mtama, akamletea sindano za dukani, za waridi, zenye vichwa vya mviringo kama peremende. Na uzi! Mweusi, wenye manyoya, unaometameta. Nikiuangalia, hata samaki wa kukaanga alikuwa hanishuki kooni.

Alasiri moja tuliporudi madrasa nikamwambia, “Tubadilishane.”

“Na uzi?”

“Na uzi.”

Alikubali upesi mno. Baadaye ndipo nilipojua kwamba uzi ule ulikuwa unamtesa, vitanzi havionekani. Bibi alikuwa pale pale, amekalia mbuzi anakuna nazi. Akaendelea kukuna.

Kesho yake kazi yangu ilijiviringa, nikampelekea bibi anisaidie. Alizigeuzageuza zile sindano, akanirudishia. “Hizi za kisasa mimi sizijui, mjukuu wangu.” Kisha akamsogezea binamu mkeka. Mpaka leo sijui kama aliniadhibu au kweli hakuzijua.

Tangu siku hiyo, kila alasiri alimweka binamu mbele ya magoti yake, akamshika vidole kutoka nyuma. “Usiuvute hivyo,” alimwambia, “hufungi mbuzi wewe.” Wanacheka wote wawili. Mimi nilikaa mlangoni na sindano zangu nzuri, nafuma donge linalometameta.

Arobaini ilipofika, mdogo wangu alitolewa nje amevaa kofia ya rangi ya maziwa. Ubani ulifukizwa, pilau ikapakuliwa, na mama yangu mzazi akamkumbatia binamu mbele ya watu. Nilikwenda kulia jikoni, wakadhani ni moshi.

Bibi hayupo tena, na nyumba yake ya Kiswere imebaki msingi. Kofia za watoto zinanunuliwa dukani zimeshafungwa kwenye nailoni. Sindano za waridi sikumbuki hata zilipotelea wapi. Spoki ndizo zimebaki, zimeng'aa kwa kushikwa, na tyubu ile ile imekakamaa mwishoni.

“Nirudishie,” nilimwambia binamu.

Alicheka sana. “Si tulibadilishana? Tena na uzi.”

Nilicheka pia, ila moyoni sikucheka. Binti yake akaniangalia, akanionea huruma. Akanipa spoki, akapita nyuma yangu, akanishika vidole kwa mikono yake yenye jasho. Nikaanza kufuma, naukaza uzi kwa hofu.

“Usiuvute hivyo, mama mkubwa,” akasema. “Hufungi mbuzi wewe.”

Bibi yetu hakumwona hata siku moja mtoto huyu. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kutokea mlangoni tu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa mimi.