Maji Matamu Yalikuwa ya Gari

Aliyeiua rejeta ya pikapu yetu ni mimi. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu wakati wa kulisema nilinyamaza, na mzee wa watu akafukuzwa kazi na kuitwa mwizi.

Tulikuwa tukikaa Same mjini, chumba kimoja na jiko la uani, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi na sisi tunaziangalia. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake kikanunua pikapu iliyochoka kutoka kwa mtu aliyeinunua ikiwa tayari imechoka. Ikawa inapandisha unga, mafuta ya taa na abiria mpaka Suji, inashusha ndizi na maharage. Mume wangu alikusanya nauli. Dereva alikuwa mzee kutoka Kigoma, aliyeletwa huku na mkonge akiwa kijana, akaendesha trekta za shamba mpaka shamba likawaacha watu wake. Huku hakuwa na ndugu. Alikuwa na leseni na jina lake tu. Akina mama wa milimani walimkabidhi mikungu ya ndizi bila kumfuata, wakijua itafika yote.

Mzee huyo alikuwa na sharti moja: gari halinywi maji ya Same. Maji ya visima vya huku chini yana chumvi, ukiyachemsha sufuria inabaki na ganda jeupe. Kwa hiyo kila alipofika Suji alijaza madumu mawili kwenye mfereji, maji matamu ya mlimani, akayashusha na kuyapanga jikoni kwangu.

"Haya ya rejeta, mama. Usiyaguse."

Asubuhi mimi ndiye niliyempa dumu, yeye anajaza, anaondoka.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja, anaharisha, amebaki macho. Chai yangu, kwa chumvi ya maji yale, ukiitia maziwa inakatika. Zahanati nayo ilikuwa imeanza kutuambia tuje na sindano zetu. Nilikuwa na hasira na kila kitu chenye magurudumu na kila mtu mwenye suruali. Nikiyaangalia madumu yale najiuliza: chuma kinywe maji matamu, mtoto wangu anywe chumvi? Siku moja nikayamimina kwenye mtungi wangu, nikajaza madumu kwa maji ya kisima. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Nikaendelea hivyo karibu mwaka mzima.

Kwamba mtoto aliyanywa, hilo sioni haya nalo hata kidogo. Ila ningeweza kuomba dumu la tatu. Mzee angelileta bila neno. Sikuomba kwa sababu sikutaka kuonekana naomba. Na nilijua ninachokifanya. Kidato cha pili tulisoma maji magumu, nikachora birika lenye ganda ndani, mwalimu akaniwekea vema kubwa.

Siku gari lilipochemka nilikuwa mbele, mtoto mapajani, nakwenda Suji kumsalimia mama mkwe. Tulikuwa tumeshaacha barabara kuu, tunapanda. Nikauona mshale wa joto unasogea. Mzee naye aliuona, akazima injini kabla haujafika mwisho. Moshi mweupe ukatoka mbele. Tukashuka, nikamfunga mtoto mgongoni, watu wakasukuma gari mpaka penye kivuli.

"Leo msaragambo umepigiwa barabarani," akasema mama mmoja wa ndizi, na wenzake wakacheka, maana msaragambo ni kazi ya kijiji kizima na huwezi kukataa.

Mume wangu akataka mfuniko wa rejeta ufunguliwe hapo hapo.

"Fungua wewe, ukitaka kuiacha sura yako hapa," mzee akamwambia.

Tukasubiri chuma kipoe. Kisha akaanza, taratibu, kama anayemkagua ng'ombe wa mahari. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Mipira ya maji akaiminya yote, haikuwa imepasuka. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kiganja: oili nyeusi, haina weupe, kwa hiyo maji hayakuingia kwenye injini. Akafungua mfuniko kwa kitambaa. Maji yalikuwa yamepungua nusu. Akaongeza, akawasha, akainama kutazama kama yanatoa mapovu. Hayakutoa.

"Gasketi ni nzima," akasema. "Ugonjwa uko nje."

Akazima, akaingiza mkono chini ya rejeta, akaupitisha polepole. Alipoutoa, vidole vilikuwa na ukoko mweupe. Maji yalikuwa yanatoka kwenye matundu madogo madogo, yanakauka, yanaacha alama kama za chaki. Akamega kipande cha ukoko ule, akakiweka kwenye ulimi. Akatema.

"Nini?" mume wangu akauliza.

"Chumvi."

"Chumvi ya wapi? Si unajaza maji ya mfereji?"

"Najaza ninayopewa."

Mama wa ndizi akadakia: "Mzee atakuwa anayauza mjini, maji yetu. Same si wanayanunua?"

Watu wakacheka. Yeye alikuwa anatania, lakini mume wangu hakucheka. Nikaona sura yake inabadilika. Mzee naye aliona. Akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye unanipa dumu kila asubuhi. Waambie."

Watu wote wakaniangalia. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni upya, ingawa alikuwa amefungwa vizuri.

"Mimi sijui mambo ya magari," nikasema.

Nimewahi kusema uongo mwingine, lakini huo bado naukumbuka kwa sauti yake.

Mume wangu akamwambia mzee hapo hapo, mbele ya abiria, kwamba ni mwizi wa maji na kazi imekwisha. Mzee akamwomba mama mmoja pakiti ya bizari aliyotoka nayo sokoni, akaimimina ndani ya rejeta ili unga wake uzibe matundu, akatufikisha Suji kwa mwendo wa kobe. Akamkabidhi mume wangu ufunguo, akateremka kwa miguu. Wale akina mama waliomkabidhi mizigo yao miezi yote ile hawakumuaga.

Fundi akaichoma rejeta kwa risasi ya kuyeyusha kuziba matundu, ikatoboka pengine. Akaja dereva mwingine, naye gari likamchemkia. Nilikuwa nimeshaacha kubadilisha maji, lakini chuma kilikuwa kimekwisha. Jioni moja mume wangu akamwita yule wa pili mwizi vilevile. Nikamwambia yote, nimesimama na mwiko mkononi.

Akavua viatu, akavipanga mlangoni.

"Nilimfukuza mbele ya watu," akasema. "Nikimrudisha niwaambie nini?"

"Waambie mkeo ni mwongo."

"Hilo siwezi."

Nikapanda basi kwenda Hedaru. Nilikuwa nimesikia mzee anaziba pancha kule kando ya barabara. Nilimkuta amechuchumaa, anatafuta tundu la mpira kwenye beseni la maji.

"Shikamoo, mzee."

Akalipata tundu kwanza, akaliwekea alama. "Marahaba. Mtoto ameacha kuharisha?"

"Ameacha."

"Basi maji yalimfaa."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba nimeshamweleza mume wangu. Akasikiliza bila kuacha kazi.

"Hapa Hedaru hakuna anayeniita mwizi, mama. Umekuja mbali bure. Mimi ni mwizi pale kwenu stendi, na kule Suji. Radhi ipeleke huko."

Siku ya soko nikaenda stendi ya Same, mtoto mgongoni. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri gari jingine, letu likiwa juu ya mawe. Nikawasalimia. Nikasema maji niliyabadilisha mimi, matamu nikayatumia kwa mtoto na kwa chai, mzee hakuuza hata tone, na siku ile aliponiambia niseme nilikataa kusudi. Nilisema haraka.

Yule mama wa ndizi akaniangalia kuanzia miguuni.

"Kwa hiyo siku ile tulisukuma gari kwa ajili ya chai yako."

"Ndiyo."

"Na mimi ukaniacha nimwite mzee wa watu mwizi."

"Ndiyo."

Akaugeukia mzigo wake, akakaza kamba. Nikabaki nimesimama pale, mpaka gari likaja na waliokuwa wanapakia wakaniambia nisogee, nawazibia njia.