Si Umeme Ulifuta Mémoire ya Mwalimu

"Apana papa, si umeme. Umeme ulikuwako asubuhi yote. Ni mi nilifuta."

"We binti yangu, punguza sauti." Papa akaangalia mulango. "Nani hapa mujini Buja umeme haujamuharibia kitu? Tutamuambia mwalimu ulikatika, ukarudi na nguvu, ukachoma diski. Ataamini. Hata mi ningeamini."

Ni kweli, mwalimu angeamini. Njo maana nilikasirika.

Papa iko na secrétariat, chumba kimoja ambamo tunapigia watu barua na kazi za chuo kwa kompyuta. Mwalimu ni mukliya, muteja wetu: asubuhi anafundisha shule ya musingi, mangaribi anasoma chuo kikuu, anakaa mutaa wa Mutanga Sud. Alituletea mémoire yake, kitabu cha kumaliza chuo, imeandikwa kwa mukono, mi nikaipiga yote. Ilipoisha kuingia mu mashini, karatasi zake akazipa mama wa karanga afungie karanga. Alikuwa anacheka: "Sasa iko salama kuliko kwangu." Juma ijayo anasimama mbele ya maprofesa kuitetea.

Kisha carte mère ya mashini yetu, ile kadi kubwa inaunganisha vyote, ikakufa. Papa alitaka kuita fundi. Mi nikasema nitajenga ingine mwenyewe, fundi wa nini?

Nikaunganisha carte mère ingine, diski ya papa yenye kazi zote za watu, na diski ya pili, tupu, ya okazioni, ilisha tumika. Nikawasha. Mu réglage, mipangilio ya mashini, kulikuwa mustari mumoja wa kuchagua namna mashini itaongea na diski: IDE, AHCI ao RAID. Ile ya zamani ilitumia gani? Sikujua. Nikaweka AHCI. Windows ikaanza, ekra, kioo cha mashini, ikakuwa bleu, ikazima, ikaanza tena. Mara tatu. Nikachoka.

Nikapigia mutoto wa shangazi, iko Gasenyi, yeye anajifanya anajua yote.

"AHCI imekataa. Imebaki IDE," nikamuambia.

"IDE ni ya wazee, dada! Weka RAID. Diski mbili zinakuwa moja, mbio mara mbili. Ao unaogopa?"

"Mi niogope nini?"

Ekra ikauliza kwa Kingereza kama nakubali vyote viko mu diski vifutwe. Kingereza nilisoma mpaka mwisho wa sekondari. Nilielewa. Nikajiambia inasema juu ya ile diski tupu, nikabonyeza ndiyo. Nikaweka Windows mupya juu yake, nikangoja documents za papa zitokee.

Hazikutokea.

Fundi wa mujini aliuliza swali moja tu: "Ulisha weka Windows juu yake?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia diski, akasema pole, hakuniomba hata kitu.

Kufika nyumbani nikaweka IDE, kuona tu. Njo ile mashini ya zamani ilikuwa inatumia, nilikuja kusoma kisha. Ingefunguka mara moja. Sasa hakuna kitu cha kufungua.

"Ukimuambia ni we," papa akasema, "campus yote itajua kwetu kazi za watu zinapotea. Nani ataleta tena?"

"Na mwalimu, papa, atasimama mbele ya maprofesa na nini?"

Papa akasema profesa wa mwalimu iko na chapitre ya kwanza, sura ya mwanzo, tulimutolea kwa karatasi. Ya kwanza. Ziko nne.

"Basi enda," akasema. "Lakini mi sitakuwa pale."

Kesho asubuhi, kabla mwalimu aende kufundisha, nitapanda Mutanga Sud kwa miguu. Nitamuambia mashini iliniuliza, nilielewa, nikabonyeza. Kama hanifukuzi, nitamuomba aniambie chapitre ya pili vile anaikumbuka, mi niandike mu kaye, daftari ya shule. Siamini siku zitatosha. Nitabeba kaye mbili.