Mwalimu wangu Mjapani ameandika siri yangu, sasa anataka iwe filamu

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku kwetu Kabuku wengi wanaifuata hii page. Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, nauza machungwa kando ya barabara.

Nikiwa kidato cha pili alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, nimwite Haruka. Alipanga chumba kwetu. Kila jioni anaandika tu. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema, "Watu. Siku moja nitaandika tamthilia za televisheni." Tulizoeana kama ndugu, mpaka nikamwambia jambo ambalo hata mama yangu halijui.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilichoma majani shambani bila kutumwa. Upepo ukaubeba moto, ukateketeza nyumba ya jirani na mahindi yake yote. Nikakimbia. Lawama ikamwangukia baba mdogo, kwa kuwa alionekana akipita pale anavuta sigara. Walimfukuza kijijini. Mkewe akarudi kwao. Yeye akahamia Mpale, na mimi nikanyamaza.

Haruka aliporudi kwao alifanya kazi kwa waandishi wakubwa miaka mingi, kuwachemshia chai na kunakili kazi zao, jina lake halionekani popote. Akapeleka miswada kwenye mashindano, akashindwa, akapeleka tena, mwisho akashinda. Akapewa tamthilia, ikapendwa. Nilifurahi kama nimeshinda mimi.

Mwezi uliopita akanipigia. Filamu yake ya kwanza imepata watayarishaji.

"Ni kisa chako, mdogo wangu. Majina nimebadilisha. Tunataka kuipiga hukohuko kwenu. Ukisema hapana, naiacha."

Sikulala vizuri tena. Nikafunga safari hadi Mpale nikamweleze baba mdogo kwa mdomo wangu. Nikamkuta amezeeka, anatembelea fimbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu! Leo umenikumbuka?"

Akachinja kuku. Tukiwa tunakula akasema, "Ukoo mzima ulinisema. Wewe peke yako hukutamka neno baya juu yangu. Mungu akulipe."

Nikanawa mikono. Nikaaga, nikarudi na siri yangu.

Haruka anafika Ijumaa, anataka jibu. Mume wangu anajua nina mgeni tu. Mama mpaka leo akisikia jina la shemeji yake anatema mate. Nikikataa, ninamwangusha Haruka baada ya kuhangaika miaka yote ile, na baba mdogo atakufa na jina baya. Nikikubali, kijiji kitaona moto ule ukiigizwa na kitaanza kuuliza. Nikimweleza baba mdogo kwanza, mzee aliyenishukuru vile, nitamtazama kwa macho gani?

Matusi nitayapokea, nimeyastahili. Ila wazazi na dada zangu mnaosoma hapa, Ijumaa haiko mbali: nianzie mlango wa nani, na nikifika niseme nini?