Jina la Mzee wa Pasi

Nilirudi Rwanda kutoka Tanzania nikiwa na sanduku moja, mashine ya kuchapa na uvumilivu wa kusoma karatasi ndefu. Huo uvumilivu ndio ulionipa riziki. Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, sheria za kodi na za kazi zilikuwa zikibadilika kama hali ya hewa ya Bugeshi, kule milimani. Asubuhi tangazo, mchana marekebisho, alasiri mwenye duka amesimama mbele ya meza yangu karibu na soko, ameshika yote mawili, ananiuliza afuate lipi. Niliwajibu kwa ukali, maana wengi walinijia siku ya mwisho, tena wakiwa wamechelewa.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa mshonaji mmoja, mjane, mwenye cherehani nne na wafanyakazi watatu. Wawili walikuwa wasichana wa kushona. Wa tatu alikuwa baba mkwe wake, mzee wa kiko mdomoni, aliyepiga pasi ya makaa mpaka suruali ikaweza kusimama yenyewe. Katika familia nzima walikuwa wamebaki yeye na mzee huyo tu. Asubuhi mkwe alifungua mlango, mzee akawasha makaa.

Basi likaja tangazo. Kila mwajiri afike ofisini mwenyewe, ataje kwa kinywa chake jina la kila mfanyakazi na kazi anayofanya, karani aandike. Wajanja walikuwa wamepeleka orodha za watu wasiokuwepo, na mkubwa fulani akaona mtu hawezi kudanganya akisema kwa sauti. Mimi nawajua watu ambao hawajui kudanganya ila kwa sauti. Duka lenye mfanyakazi asiyetajwa lingefungwa.

Tukaenda, mshonaji na mimi.

"Bon, taja," karani akasema.

Akawataja wale wasichana bila shida. Kisha akaishia hapo.

"Na wa tatu?"

"Iko muzee wa pasi."

"Jina, mama."

"Shefu, ni baba ya bwana yangu."

Hapo nilipaswa kufikiria mapema, nami sikufikiria. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Mama yangu mwenyewe alizeekea Tanzania bila kulitamka la babu yangu. Akitaka kumsema alinyoosha kidole kwenye picha yake ukutani.

Nikalitaja mimi.

"We si mwajiri," karani akasema.

Mshonaji akatoa kitambulisho cha mzee, akaweka kidole juu ya jina.

"Kidole si kinywa, mama."

Karani akamwita mpiga chapa wa ofisi, mama wa makamo, aje amweleze mwenzake kwamba serikali haina mwiko. Mpiga chapa akakitazama kitambulisho, akakirudisha haraka kama kinachoma. Baba mkwe wake naye aliitwa hivyo hivyo. Karani akaingiwa na shaka, akafunua orodha ambazo yule mama alikuwa amezichapa tangu aanze kazi. Kila mwanamume wa jina lile aliachiwa nafasi nyeupe.

Tukapewa miezi miwili. Hadi hapo mzee asiguse pasi.

Nikaja na akili yangu ya kisheria. Mzee aandikwe kuwa mwajiri, mkwe awe mfanyakazi wake, kwani baba mkwe hana mwiko wa kumtaja mkwe. Nilijiona bingwa. Mshonaji akazitazama cherehani zake. Mzee ndiye aliyetoa kiko mdomoni.

"Mashine ni yake. Alinunua moja moja, mi nikiona. Mi niko na pasi tu, na hata iyo pasi ni yake."

Nikaona aibu, na nilistahili. Mzee akavuta moshi kidogo, akamgeukia mkwe wake.

"Na jina ya kanisa? Ile ungeweza kusema?"

Mshonaji akafikiri. Jina la ubatizo halikutoka kwa mababu, mwiko haulijui, na karani angeliandika.

"Ile naweza, Papa."

Tatizo ni kwamba mzee hakuwa na jina la kanisa. Maisha yake yote aliwafukuza mapadri na wachungaji kwa heshima iliyo sawa.

Padri alitaka miaka miwili ya mafundisho. Mchungaji wa kanisa linalobatiza ziwani alitaka wiki sita, na kiko. Mzee akakitoa. Wiki sita alikaa barazani kwa mkwe wake bila pasi, bila kiko, akikariri maswali na majibu, akitutazama kana kwamba sisi ndio dhambi inayosemwa. Suruali za mji zikakunjamana. Jumapili moja wakamzamisha ziwani Kivu, akatoka anatetemeka, ana jina jipya.

Jumatatu asubuhi nikaletewa tangazo. Kutaja kwa kinywa kumefutwa, mwajiri ajaze fomu tu. Nilitukana peke yangu mpaka fundi viatu wa jirani akahamisha kigoda chake. Husemwa sheria ni msumeno. Ule wetu ulikuwa umemkata mzee, kisha ukasema samahani, haikuwa mti. Nikalikunja lile tangazo, nikalitia mfukoni, nikawafuata ofisini bila kusema kitu. Sikuwa na ujasiri.

Karani alitupokea kwa furaha.

"Mama, sasa hakuna tena kutaja. Jaza hapa, umalize."

Akasogeza fomu. Mshonaji akashika kalamu. Mzee akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza, shefu. Mi nimeacha kiko. Acha aseme."

Karani akanitazama mimi, mtaalamu wa sheria. Nikamwambia hakuna kifungu kinachokataza.

Mshonaji akaweka kalamu chini, akasimama. Tangu aolewe hakuwahi kumwita mzee huyu kwa jina lolote ila Papa. Akalitaja lile jipya, polepole, lote, mpaka mpiga chapa kule kwenye kona akaacha kuchapa.

Kwetu mdogo akiitwa na mkubwa wake hujibu "Karame", yaani uishi miaka mingi. Mzee wa umri ule hakuwa amebakiwa na mtu wa kumjibu hivyo. Akavua kofia.

"Karame," akasema.