Mpimaji wa Pumzi

Mama mpimaji aliingia akisukuma mashine yake ya altrasaundi polepole, kama anayepita penye mtoto aliyelala. Kwanza alifumbata chupa ya jeli viganjani mpaka ikapata joto, ndipo akamwambia mgonjwa, "Baba, naomba ubavu wako," ingawa mgonjwa alikuwa na mpira wa kupumulia kooni na hakuweza kujibu. Mke wa mgonjwa, aliyesimama miguuni pa kitanda, alimpendea hapo hapo. Tangu mumewe alazwe, mashine nyingine, ya kando ya kitanda, ndiyo iliyokuwa ikimpumulia, na leo walitaka kujua kama ule msuli wa chini ya mbavu, unaovuta pumzi, bado unaweza kazi yake.

Nesi wa zamu akapunguza nguvu ya mashine ya kupumulia. Mpimaji akabandika kifaa ubavuni, akakodolea macho skrini. "Haya baba, vuta pumzi. Vuta!" Mke naye akavuta, mashavu yakamtuna. "Mama, wewe toa," mpimaji akasema bila kugeuka. "Utaniangukia, na kitanda chenyewe ni kimoja." Kicheko kikamtoka mke pamoja na pumzi. Kisha mpimaji akaigeuza skrini imwelekee. Kati ya mistari miwili myeupe, utepe mweusi ulikuwa ukinenepa na kusinyaa, ukinenepa na kusinyaa.

"Huo ndio msuli wake, unavuta wenyewe. Daktari akiona hivi, ataanza kumwachisha mashine."

Mke alitaka kushukuru, machozi yakamtangulia. Mpimaji alikuwa ameshashika kitambaa, anafuta jeli taratibu kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kuoga.

"Umefanya kazi, baba," akamwambia mgonjwa.

"Amina," mke akaitikia, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba dua.