Nyasi za Muuza Maziwa

Muuza maziwa wa Kisaju huniletea barua yake ya taarifa hapa saiba, kwenye duka langu la kompyuta, niichape, na hakubali nibadilishe hata neno moja. Siku tatu kabla ya kila maandamano ya kupinga ukataji wa miti, ambao anasema umefukuza mvua, yeye mwenyewe huipeleka kituo cha polisi. Vidole vyake havikosi harufu ya moshi wa kibuyu. Hapazi sauti, hugonga kaunta mara mbili kwa kifuniko cha mtungi, husalimu, "Sopa," kisha husimama akingoja muhuri.

Wiki jana nilimsindikiza. Afisa wa zamu, kijana wa Kimaasai, aliisukuma barua imrudie. "Yeyo," akamwita, yaani mama kwa Kimaasai, "safari hii hakuna ruhusa. Rudini nyumbani."

"Sijaomba ruhusa, kijana wangu. Sheria inasema nikuambie, na nimekuambia. Piga muhuri."

"Na mkipigwa huko barabarani?"

Alifungua pindo la leso, akatoa nyasi na kuziweka juu ya barua. Umaasaini, aliyeinua nyasi mkononi anataka amani na hapigwi. Afisa alijua hivyo tangu utotoni. Alizitazama, akazigusa kwa kidole, zikavunjika.

"Lakini yeyo," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hizi zimekauka. Nyasi za amani huwa mbichi."

Muuza maziwa alichukua muhuri pale kaunta, akamwekea mkononi.

"Basi nionyeshe mbichi ziko wapi, niache kuandamana."