Muziki wa Sinema Kwenye Meza ya Makadamia

Sheria ya muziki usio na maneno ililetwa na supavaiza wetu, na nitaanza kwa kusema kwamba hakukosea kuileta. Kwenye chumba cha kuchambua makadamia, pale Thika, tulikuwa wanawake kumi na wanane kwenye meza tatu, na spika moja ndogo juu ya kabati la glavu. Kila mtu alikuwa na siku yake ya kuleta flashi. Siku moja mwenzetu akaleta wimbo wa Kikuyu unaomsema mwanamke anayemvizia mume wa jirani, na mwingine akaona umechezwa kumsema yeye. Kesho yake huyo wa pili akaleta nyimbo za kanisa lao, zote za kukemea. Kufikia saa nne walikuwa wanarushiana maneno juu ya trei, na nati za makadamia za kahawia zikaingia kwa nyeupe bila mtu kuona.

"Kuanzia leo," supavaiza akasema, "sitaki kusikia mtu akiimba hapa. Ni muziki bila maneno, ama spika irudi stoo."

"Bila maneno ni gani sasa?" akauliza msichana wa dirishani, aliyekuwa mdogo wetu kwa umri na mkubwa wetu kwa mdomo. "Ni ile wanakuwekea kwa simu ukingojea kuongea na mtu wa stima?"

Tukacheka. Aliyetuokoa ni rafiki yangu, mama Mwislamu wa Gitothua, kule Ruiru, ambaye tuliketi bega kwa bega kwenye meza ya tatu. Karibu na kwao kuna duka la jamaa anayejazia watu sinema kwenye flashi. Rafiki yangu akamwambia: nipatie ule muziki unaopigwa kwa sinema wakati hakuna mtu anaongea. Yule jamaa akamwekea foda moja, nyimbo thelathini, zote na namba peke yake. Majina hakuweka. Alisema majina ni ya nini na hakuna anayeimba.

Sikutarajia ningependa. Mimi muziki wa sinema nilikuwa naujua kama ninavyojua rangi ya ukuta wa hospitali: upo, lakini si wewe uliyeenda kuuangalia. Sasa hapa hakukuwa na sinema. Ilikuwa ni sauti na nati, nati na sauti, kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Baada ya wiki moja tulikuwa tumeanza kuzipa majina. Namba tisa ilikuwa Ya Kuosha Vyombo, kwa sababu ya vyuma vilivyogongana ndani. Namba tano ilikuwa Ya Ngoma. Namba kumi na moja, Ya Filimbi. Na mtu akisema, "Rudisha Ya Kuosha Vyombo," mwingine anasema, "Aa, hiyo inaanza vizuri halafu inapotea," na ubishi ukawa huo. Ubishi mzuri. Hakuna aliyesingiziwa mume.

Mimi nikafanywa jaji kwa sababu nina daftari. Niliacha shule darasa la saba na muziki sikuusomea mahali, kwa hivyo alama zangu zichukuliwe hivyo tu. Nilikuwa naandika namba, jina letu, alama juu ya kumi, na sababu. Nikisoma zile sababu leo, nyingine naona aibu. Kwa namba ishirini na mbili niliandika "inanuka mvua", na sijui nilimaanisha nini, ingawa nikiisikia bado naona nilisema kweli.

Mashindano makubwa yalikuwa kati ya Ya Ngoma na Ya Filimbi. Msichana wa dirishani alikuwa wa Ya Ngoma, damu na nyama. Ngoma hizo zilikuja mbio kama watu wanaoshuka ngazi, na mikono yetu ikakimbia nazo, trei zikajaa. Ya Filimbi ilianza na filimbi peke yake, sauti tatu zinapanda halafu zinarudi chini, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Halafu fidla zinaingia polepole chini yake, kama waumini waliochelewa kanisani. Inarudiwa mara tatu. Mara ya tatu filimbi inaruka sauti moja, inanyamaza kabisa mahali pake, na fidla ndizo zinajaza lile pengo. Mara ya kwanza nilifikiri flashi imekwama. Nilipoielewa niliacha kuchambua kwa muda mfupi, na supavaiza akaniangalia.

Niliipa Ya Filimbi tisa, Ya Ngoma sita na nusu.

"Aki jaji, wewe uko na upendeleo," msichana akaniambia. "Hiyo filimbi yenu inafanya tusinzie."

"Na hiyo ngoma yako inafanya unatupa nusu kwa nzima," rafiki yangu akamjibu. "Angalia trei yako. Hiyo ni nzima hiyo?"

Lakini neno la upendeleo liliniuma. Nikaomba flashi, nikaenda nayo nyumbani Makongeni, na jioni nikipiga pasi nikasikiliza Ya Ngoma mara tano kwa makini. Nikagundua kweli kuna mahali katikati ambapo ngoma zote zinanyamaza, unabaki uzi mmoja wa gitaa unatembea peke yake bila kuogopa. Kwa kelele za mashine za kiwandani tulikuwa hatupasikii. Asubuhi nikamwambia msichana nimemwongezea nusu.

"Nusu!" akasema. "Asante serikali."

Sasa nije kwa shosho wetu. Ndiye alikuwa mkubwa kwa umri kwenye meza yetu, ndiyo maana tukamwita shosho, yaani nyanya, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kujua nati mbovu kwa ncha ya kidole kabla jicho halijafika, halafu kuirusha pembeni kwa dole gumba bila kusimamisha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa, na akaamua kuacha kazi aende kwenye ploti yake Murera, afuge kuku. Desturi yetu ni kwamba anayeacha kazi kwa wema anasomewa risala, anapewa zawadi, halafu wote tunamsindikiza mpaka geti tukipiga makofi na wimbo aliouchagua mwenyewe. Tukamuuliza wake ni upi.

"Mimi sitaki wimbo wa maneno," akasema. "Maneno nimesikia hapa yakanitosha. Nataka Ya Filimbi. Hiyo inanijua."

Risala nikaachiwa mimi, kwa sababu ya lile daftari tena. Nikaona haifai kusoma mbele ya watu "namba kumi na moja". Shosho alistahili jina kamili. Kwa hivyo Jumamosi, tulipotoka nusu siku, nikashuka Ruiru mpaka kwa yule jamaa wa sinema.

"Karibu mami," akasema. "Unataka ya mapigano ama ya mapenzi?"

Nikampigia Ya Filimbi niliyokuwa nimeirekodi kwa simu yangu, nikamwambia nataka kujua huu muziki umetoka kwa sinema gani. Akaweka simu yake karibu na yangu, simu ikasikiliza, ikampa jina. Akatafuta kwa kompyuta, akanigeuzia skrini. Kopi aliyokuwa nayo ilikuwa ile iliyotafsiriwa na dijei, ambapo mtu mmoja anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili na kuongeza vichekesho vyake. Akapeleka mbele, mbele, mpaka filimbi ikasikika kwa mbali chini ya sauti ya dijei.

Kwa skrini kulikuwa na mzee kwenye kilima, anachimba shimo kwa jembe. Kando yake kuna kitu kimefunikwa na koti. Dijei akapaza sauti: "Watu wangu, vueni kofia! Mzee anamzika askari wake wa miguu minne!"

Alikuwa mbwa. Jamaa akanieleza kwamba alichunga kondoo wa yule mzee mpaka akazeeka. Shosho wetu, baada ya miaka yake yote pale, alikuwa amechagua kutoka na muziki wa kuzika mbwa.

Nilimlipa jamaa, nikarudi nyumbani. Siku mbili za kazi zilizofuata Ya Filimbi iliniharibikia. Kila fidla zikiingia, naona koti na mkia unaotokeza chini yake. Hilo lilinishangaza kwa sababu sauti zilikuwa zilezile, hata moja haikuwa imebadilika. Mimi ndiye nilibadilishwa. Siku ya tatu, nikiwa kwenye meza karibu na shosho, nikaangalia mikono yake ikifuata zile sauti tatu, na mkia ukaanza kupotea kidogo. Lakini sasa nilikuwa na shida kubwa kuliko mkia. Nikimwambia, nitamharibia. Nisipomwambia, yuko msichana wa dirishani, ambaye sinema za madijei anazimaliza moja baada ya nyingine. Akiitambua siku yenyewe, shosho atachekwa mgongoni akielekea geti, na mimi nilijua mapema.

Nikamwambia kwanza rafiki yangu. Alisimama na glavu moja mkononi.

"Subhanallah," akasema. "Mwezi mzima nimekuwa nikimlilia mbwa?"

"Kwani ulilia?"

"Kidogo tu. Nilikuambia ni vumbi ya nati." Akafikiri. "Usimwambie. Kwani huo muziki umeandikwa mbwa mahali? Sisi tuliupenda hata kabla mbwa hajakuja."

Hoja hiyo naiheshimu mpaka leo. Masikio yetu yalikuwa yameamua bila kudanganywa na picha, na kama jaji nisingeweza kupunguza alama kwa sababu ya marehemu ambaye hatukumwona. Lakini aliyekuwa anaenda kupita getini ni shosho, na muziki ulikuwa wake. Niliona si haki mimi nijue na yeye asijue.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuaga kwake, nilimkuta saa ya lanchi anakula githeri yake ya mahindi na maharagwe nyuma ya stoo. Nikamwambia kwa kuzungukazunguka, nikaanza na duka, nikaingia kwa kompyuta, nikasifu kilima.

"Sema," akaniambia. "Githeri inapoa."

"Shosho, kwa sinema hiyo muziki ni ya kuzika mbwa."

Alitafuna. Akameza.

"Atĩ mbwa?"

"Mbwa."

"Alikuwa amefanya nini huyo mbwa?"

"Alichunga kondoo. Mpaka akazeeka."

"Alifukuzwa?"

"Hapana. Alikufa tu."

"Na mwenyewe ndiye alimchimbia? Hakuandika kibarua?"

"Alichimba mwenyewe, na jembe. Akamfunika na koti lake."

"Na hiyo filimbi yote ikapigwa ni yake?"

"Yote, shosho."

Akakwangua sufuria yake ndogo kwa kijiko, polepole. "Na mimi kesho napewa nini?"

Ilikuwa siri, lakini sikuwa na nguvu ya kuficha vitu viwili. "Blanketi," nikasema. "Na keki."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Basi huyo mbwa alituzidi sote hapa! Ngai! Ichezwe. Lakini uwaambie wote, hata yule wa dirishani. Mimi sitaki kuchekwa nyuma. Nichekwe nikiona."

Kesho yake nikasoma risala. Naamini niliruka mstari mmoja uliokuwa mzuri. Nikasema shosho alitufundisha kujua nati mbovu kwa kidole, na kwamba muziki aliouchagua umetoka kwa sinema fulani, nikataja jina lake, na kwa sinema hiyo unapigwa wakati mzee anamzika mbwa wake aliyemfanyia kazi vizuri. Halafu supavaiza, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu nimjue, akaangua kicheko kwanza, na chumba kizima kikafuata. Katikati yao shosho alikuwa na blanketi lake begani, anafuta machozi ya kicheko.

Rafiki yangu akaibeba spika kifuani kama mtoto, akaongoza njia. Tukatoka nyuma yake, tunapiga makofi kwa mwendo wa ile filimbi, na uani kukiwa hakuna mashine nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba yule mpiga filimbi anavuta pumzi kabla ya kila kupanda. Hilo halikuwa kwenye daftari. Tulipofika katikati ya uwanja, msichana wa dirishani akashindwa kujizuia.

"Woo! Woo!" akabweka.

Shosho hakugeuka hata. "Huyo si wa kondoo," akasema kwa sauti. "Huyo ni koko."

Makofi yakavurugika kwa kicheko, msichana mwenyewe akicheka kuliko wote. Kisha ikaja mara ya tatu. Sijui ni nani aliyeacha kupiga makofi kwanza, lakini ile filimbi ilipofika kwenye pengo lake hakuna mkono uliosikika, na fidla zikapita peke yao mpaka kwenye geti. Shosho alikuwa amesimama hapo, hajatoka. Alikuwa akingojea imalizike. Muziki huo ulikuwa na urefu wa trei moja kamili ya nati, na trei hajawahi kuiacha nusu.

Ulipoisha, akamwangalia msichana wa dirishani, akainua mkono, na kwa dole gumba akamrusha pembeni, vile anavyorusha nati mbovu. Halafu akatoka.

Tulibaki pale tukicheka, wengine wakifuta macho wakijifanya ni vumbi. Supavaiza akasema kazi inangoja. Msichana akaniomba, kwa adabu ambayo sikuizoea, tuwekewe Ya Ngoma ya kurudi nayo ndani. Nikamwambia rafiki yangu aiweke. Uani pale hata ule uzi mmoja wa katikati ulisikika kwa wote, na miguu ikaharakisha. Jioni nililiandika hilo: kwa kusindikiza mtu, Ya Filimbi, lakini kwa kurudi kazini, lazima niseme, Ya Ngoma ilikuwa bora. Nikaiongezea nusu nyingine.